Tuipime Gesi ya Jikoni Mwetu



Nina jirani mmoja, mama wa makamo, anaishi upande huu wetu wa Meru, mkoani Arusha. Ana ng'ombe watatu wa kufungia, na nyuma ya zizi upo mtambo wa biogesi. Kwa miaka kadhaa alipika kwa gesi hiyo chai ya alfajiri na makande ya mchana, akachemsha na maji ya kuoga ya wajukuu. Moto ulikuwa wa buluu, umetulia, hautoi moshi, na sufuria zake hazikujua masizi.

Kisha moto ukaanza kulegea. Kwanza chai ilichelewa kuchemka. Baadaye moto ukawa unaruka juu ya jiko na kuzimika kabla maharage hayajalainika. Gesi ilikuwapo: ukifungua koki unaisikia ikivuma. Ila haikushika moto. Baada ya miezi miwili kuni zilikuwa zimerudi jikoni, na mgongo wa mtambo umekuwa mahali pa kuku kuotea jua.

Fundi alipokuja aliuliza, "Mama, gesi yenu ina methani kiasi gani?" Hakuna aliyejua. Fundi mwenyewe hakuwa na cha kupimia. Akakisia, akashauri samadi iongezwe. Wakaongeza, na hali ikazidi kuharibika.

Je, wewe mwenye mtambo nyumbani, ungemjibu nini fundi huyo?

Simlaumu mtu hapa. Mama alifanya kazi yake, na fundi alifanya alichofundishwa. Kilichokosekana ni kipimo. Na kipimo chenyewe, ndugu zangu, leo kinapatikana kwa bei ambayo kikundi cha wafugaji kinaweza kuchangishana na kuimudu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachowaka. Gesi inayotoka kwenye mtambo ni mchanganyiko. Methani, ambayo ndiyo inayotupikia, huwa kati ya asilimia 50 na 70 mtambo ukiwa na afya. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni hewa ukaa, ile ile tunayoitoa puani, nayo haiwaki kamwe. Upo pia unyevu mwingi, na kiasi kidogo cha hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza.

Ng'ombe mmoja wa kufungia hutoa takribani kilo 10 za samadi kwa siku. Ng'ombe watatu wa mama yule, kwa hiyo, wanaweza kumpa karibu mita moja ya ujazo ya gesi kila siku, ambayo inatosha kuwasha jiko moja saa mbili hadi tatu. Methani ikishuka kutoka asilimia 60 hadi 45, robo nzima ya nguvu ya moto imepotea. Samadi ni ile ile, ndoo za maji ni zile zile, mgongo umeuma vile vile. Moto tu ndio umepungua.

Wapo watakaosema, mbona mtambo wangu una kipimo ukutani, ule mrija wa plastiki wenye maji ya rangi? Ni kweli, na utunze mrija huo. Lakini unakwambia msukumo wa gesi, yaani kama gesi ni nyingi au ni kidogo. Haukwambii gesi hiyo ni ya namna gani.

Wafugaji wenzangu, mnakumbuka pale kituo cha maziwa? Kila asubuhi tunafika na madumu yetu, na kabla maziwa hayajamiminwa kwenye tangi, mpokeaji anatumbukiza laktomita. Hakuna anayenuna kwamba ameshukiwa. Tunajua macho hayawezi kutenganisha maziwa mazito na maziwa yaliyoonja maji, na kwamba kipimo kinamlinda kila mmoja wetu. Sasa gesi, ambayo haionekani kabisa, mbona tunaikadiria kwa macho?

Nitaeleza kwa nini methani hushuka, maana ukilijua hili utaona haraka faida ya kupima mapema.

Ndani ya mtambo wapo vijidudu vya makundi mawili, nao wanafanya kazi kama watwangaji na wapepetaji. Kundi la kwanza linavunjavunja samadi na kuigeuza kuwa asidi. Kundi la pili linaichukua asidi hiyo na kutengeneza methani. La kwanza lina mikono myepesi. La pili ni la polepole, linachagua, na linaumia upesi. Ukijaza chakula kingi kwa pamoja, watwangaji wanafurahi, asidi inajaa, wapepetaji wanazidiwa. Hapo methani inashuka na hewa ukaa inapanda.

Mambo yanayowazidi wapepetaji ni ya kawaida kabisa majumbani mwetu. Pengine siku ya sherehe mabaki yote ya chakula na mafuta yalimwagwa mtamboni. Pengine ng'ombe alidungwa dawa kali na samadi yake ikaingia siku hiyo hiyo. Pengine banda lilioshwa kwa dawa ya kuua vijidudu na maji yakafuata mfereji. Na kwa ndugu zetu wa Njombe, Makete na Lushoto, ile baridi ya Juni na Julai peke yake inatosha kuwapunguza kasi, maana vijidudu hawa hupenda joto la kama nyuzi 35, na chini ya 20 wanazubaa.

Mama yule alishauriwa aongeze samadi wakati mtambo ulikuwa tayari umevimbiwa. Angekuwa na namba mbili tu, ya mwezi uliopita na ya mwezi huu, ushauri ungekuwa mwingine: apumzishe kulisha siku kadhaa, kisha arudi kidogo kidogo, na achanganye ndoo chache za tope kutoka kwenye mtambo wa jirani ulio mzima. Hilo ni jambo la bure.

Sasa tuje kwenye vifaa vyenyewe. Kihisi ni kifaa kidogo kinachohisi kitu, iwe joto, unyevu au gesi, na kukigeuza kuwa umeme mdogo unaoweza kusomeka kama namba. Mafundi wa mjini wanakiita sensa. Zamani kupima methani kulitaka mashine ya maabara, au kipimo cha mkononi cha maelfu ya dola. Siku hizi vijana wetu wananunua vihisi Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, wanaviunganisha na kibao kidogo cha kompyuta kama Arduino, na namba inatokea kwenye kioo.

Hapa naomba usikivu wenu, hasa ninyi vijana, kwa sababu nimeona wengi wenye nia njema wakikwama mahali pamoja.

Kihisi kinachopatikana kwa urahisi zaidi kinaitwa MQ-4. Bei yake ni kama ya kilo chache za sukari. Ndani yake kuna chembe za oksidi ya bati zinazopashwa moto, na gesi inayowaka ikizigusa, umeme unapita kwa wepesi zaidi. Ni kifaa kizuri. Lakini kimetengenezwa kupima methani kidogo iliyotawanyika hewani, mwisho wake ni kama asilimia 1. Tena kinahitaji oksijeni ili kifanye kazi, na ndani ya mtambo oksijeni hakuna.

Kukichomeka moja kwa moja kwenye bomba lenye asilimia 60 ya methani ni kama kupima gunia la mahindi kwa mizani ya sonara. Kitatoa namba, naam, lakini namba hiyo haina maana, na kihisi chenyewe kitachoka upesi. Kijana akiona namba zinarukaruka anadhani amekosea programu, anakesha usiku kucha. Mwanangu, hukukosea programu. Ulichukua kihisi cha kazi nyingine.

Basi kipi kinafaa kupimia ubora wa gesi? Vipo vya aina tatu vinavyostahili kujaribiwa na kikundi chenye fundi mwelewa.

Kipo kinachotumia mwanga usioonekana kwa macho, wa jamii ile ya mwanga wa rimoti ya televisheni. Methani humeza mwanga wa kipimo fulani, kama mikromita 3.3. Kihisi kinarusha mwanga huo kupitia gesi na kuangalia umepungua kiasi gani upande wa pili. Hiki hakihitaji oksijeni, na kinaweza kusoma hadi asilimia 100. Bei yake ni kubwa kuliko MQ-4 mara nyingi, ila bado iko mbali sana chini ya ile mashine ya maabara. Kikundi cha kaya ishirini hakishindwi.

Kipo kinachopima jinsi gesi inavyopitisha joto. Waya mwembamba unapashwa moto na kuachwa upoe ndani ya gesi. Methani huondoa joto karibu mara mbili ya hewa ukaa, kwa hiyo namna waya unavyopoa inatueleza uwiano wa hizo mbili.

Na kipo kinachonipendeza zaidi mimi, kinachotumia sauti. Katika hewa ya kawaida sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Katika methani hukimbia karibu mita 450, na katika hewa ukaa hujikokota karibu mita 270. Ukifunga kipaza sauti kidogo upande mmoja wa kibomba na kisikilizi upande wa pili, ukahesabu muda, umeshapata habari ya gesi iliyomo kati yao. Je, si jambo ambalo kijana aliyemaliza VETA au Chuo cha Ufundi Arusha anaweza kulitengeneza na kuliuza?

Lakini kabla hatujafika huko, ipo njia ya bei ndogo kuliko zote, na nataka kuikalia kidogo kwa sababu inaweza kuanza wiki hii. Haihitaji hata betri.

Inahitaji bomba la sindano la mililita 60, lile kubwa lisilo na sindano yenyewe, na maji ya kostiki soda, ile wanayotumia akina mama wa vikundi vya sabuni. Kostiki inapenda sana hewa ukaa. Inaimeza yote na kuiacha methani.

Gramu 40 za kostiki zinatiwa taratibu ndani ya lita moja ya maji. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, kwa kuwa huchemka na kuruka. Vaeni glavu na miwani. Watoto wakae mbali, na maji safi ya kunawa yawe karibu, maana kostiki inaunguza ngozi na kupofua macho. Akina mama wa sabuni wanaijua tabia yake vizuri kuliko mimi, na ningefurahi kuona kikundi cha biogesi kikiwaalika wawafundishe.

Acheni gesi itoke kwenye mpira kidogo, nje, mbali na moto, ili ile hewa iliyokaa ndani ya mpira itoke. Kisha vuteni mililita 50 za gesi ndani ya bomba la sindano. Tumbukizeni ncha yake kwenye maji ya kostiki, mvute mililita 10. Zibeni ncha, mtikise kwa dakika moja. Mkiizibua ncha ikiwa bado ndani ya maji ya kostiki, mtaona maji yanapanda yenyewe kujaza nafasi ya hewa ukaa iliyomezwa. Someni gesi iliyobaki. Ikiwa ni mililita 30 kati ya zile 50, mna methani ya karibu asilimia 60. Ikiwa ni 22, mtambo unaomba msaada.

Si kipimo cha maabara. Hewa ikipenya kwenye bomba itahesabika kama methani na kuwadanganya. Pimeni mara tatu, mchukue wastani. Hata hivyo, kwa kujua kama mtambo unapanda au unashuka, kinatosha kabisa. Na kitawafaa tena siku mtakaponunua kihisi cha umeme, kwa sababu mtakuwa na cha kukihakiki.

Kuhakiki ni nini? Mnajua Wakala wa Vipimo wanavyopita kukagua mizani za bucha na kuzibandika stika. Mizani njema ya mwaka juzi inaweza kuwa imeanza kusema uongo mwaka huu bila mwenye bucha kujua. Vihisi ni hivyo hivyo, tena zaidi. Joto la mchana linavisogeza, unyevu unavisogeza, na umri unavisogeza. Kihisi kinachosomwa kwa miezi sita bila kuhakikiwa ni rafiki anayekusimulia habari za zamani.

Kwa hiyo kitunzeni. Gesi ipitisheni kwenye chupa yenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu. Kabla ya hapo ipite kwenye kopo lenye waya za chuma za kusugulia masufuria zilizoshika kutu, maana kutu ya chuma huikamata hidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ya yai viza hula shaba, hula majiko na jenereta, na huua vihisi. Badilisheni waya hizo zikiwa nyeusi, na mzibadilishie nje, penye hewa ya kutosha, msizitupe kwenye takataka kavu, kwa kuwa zikipata hewa hupata joto.

Na ile MQ-4 tuliyoiweka kando, je, tuitupe? La hasha. Kazi yake ya haki ni ulinzi. Methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumba, cheche moja inalipua. MQ-4 inahisi mapema sana kabla ya kufika hapo. Ikiunganishwa na king'ora kidogo jikoni, inaweza kuiamsha nyumba nzima.

Ila uiweke wapi? Nimeona watu wakiifunga chini karibu na sakafu kwa sababu waliambiwa hivyo kuhusu gesi ya mtungi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji. Methani tupu ni nyepesi, uzito wake ni kama nusu ya hewa. Biogesi, kwa kuwa imebeba hewa ukaa, huwa nyepesi kidogo tu au inakaribiana na hewa, hivyo husambaa chumba kizima. Funga king'ora juu, karibu na dari, mbali kidogo na mvuke wa sufuria. Mwenye gesi za aina mbili nyumbani aweke viwili, kimoja juu na kimoja chini.

King'ora hicho kisikufanye uache povu la sabuni. Kila mwezi pakaza povu kwenye maungio yote, kuanzia mtamboni hadi jikoni. Pakitoa mapovu, pana tundu. Ni dakika kumi za kazi. Nani nyumbani kwako atapewa jukumu hilo?

Nina jambo jingine la kusema, na nalisema kama mzazi. Mtu asiingie ndani ya mtambo, hata ukiwa umefunguliwa, hata ukionekana mtupu, hata kama ni kuokota ndoo iliyodondoka. Ndani hakuna oksijeni ya kutosha. Na ile harufu ya yai viza, ikiwa nyingi, hulipumbaza pua, hivyo ukidhani imeisha ndiyo imekuwa hatari zaidi. Aliyeanguka ndani huvutwa kwa kamba na watu walioko nje. Anayemfuata kwa uchungu wa moyo huanguka naye. Waambieni vijana wenu leo hii, kabla ya chakula cha jioni.

Turudi kwenye mazuri. Kila mmoja wetu ana mahali pake katika kazi hii.

Mama au baba wa nyumba, wewe una daftari. Andika tarehe, ndoo za samadi, ndoo za maji, saa ulizopika, na rangi ya moto. Ikiwepo namba ya methani, iandike pembeni. Daftari la miezi mitatu lina thamani kubwa kwa fundi kuliko maelezo marefu ya siku moja. Na mtoto wa darasa la sita anaweza kulijaza, akajifunza hesabu za asilimia kwa kitu anachokula.

Fundi mjenzi, ndugu yangu, najua ujenzi ndio unaolipwa. Je, ukirudi mwezi wa pili na wa sita na bomba la sindano mfukoni, mteja huyo hatakutafutia wateja wengine watatu? Hapa Arusha tuna historia yetu ya kujivunia. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, tunachokiita CAMARTEC, kimekuwa kikishughulika na biogesi tangu miaka ya 1980, na mtambo wa kuba uliosanifiwa hapo umekwenda kujulikana nje ya mipaka yetu. Mwaka 2009 ulianza mpango wa biogesi majumbani uliozigusa nchi tano za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Matofali tunajua kuyapanga. Tuongeze na kupima.

Mwalimu wa sayansi, una hazina mkononi. Mwaka 1776 Alessandro Volta, Mtaliano, alikwenda kwenye matope ya ziwa Maggiore, akachokonoa kwa fimbo na kukinga mapovu kwa chupa. Ndivyo alivyoipata gesi tunayoizungumzia, kwa fimbo na chupa. Wanafunzi wako wana vyote viwili, na shule yenye ng'ombe wawili ina maabara tayari.

Mkuu wa shule au wa chuo, jiko lako linalisha mamia. Taasisi kubwa zimeelekezwa ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ukijenga mtambo mkubwa wa vyoo na mabaki ya chakula, weka kihisi cha kudumu tangu siku ya kwanza, kwa sababu chakula chake hubadilika kila wiki, na mtambo mkubwa ukiugua huchukua muda mrefu kupona. Wenzetu wa Rwanda walijenga mitambo mikubwa kwenye magereza, na chuo cha KIST cha Kigali kilichoongoza kazi hiyo kilipewa tuzo ya Ashden mwaka 2005. Kule Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yamezalisha gesi ya kuendesha jenereta. Ukifika kwenye jenereta hakuna tena kukisia, kwa kuwa injini haibembelezwi kama jiko.

Wapo wanaouliza, je, haya yote yanahusiana vipi na mvua zinazochelewa? Yanahusiana. Methani ikiwaka jikoni hugeuka kuwa hewa ukaa na maji. Ikivuja bila kuwaka, kilo moja yake hupasha dunia joto takribani mara 28 ya kilo moja ya hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Mtambo unaovuja ni hasara ya mama jikoni na hasara ya mkulima aliye mbali ambaye hatamjua kamwe.

Sasa nirudi pale kituo cha maziwa, maana huko ndiko moyo wangu uliko. Wenye ng'ombe wa kufungia ndio wenye mitambo. Kituo kina meza, kina daftari, kina mtu anayeaminika na anayejua kusoma laktomita, na kila asubuhi sote tunapita hapo. Kwa nini kisiwe na kipima methani kimoja cha wote?

Kaya ishirini zikichanga kidogo kidogo kwenye malipo ya maziwa, kihisi cha mwanga kimepatikana. Kinazunguka nyumba kwa nyumba, au sampuli zinaletwa kituoni asubuhi hiyo hiyo ndani ya bomba la sindano lililozibwa vizuri. Msizilete kwenye tyubu ya baiskeli, kwa sababu hewa ukaa hupenya mpira na namba itapotoka. Kijana mmoja anakabidhiwa kukihakiki kila mwezi kwa ile njia ya kostiki, naye analipwa posho yake. Afisa mifugo wa kata akipita, anafungua daftari na kuona mitambo yote ya kijiji kwa ukurasa mmoja.

Viongozi wa ushirika, mko tayari kuliweka hili kwenye ajenda ya kikao kijacho? Haliombi mfadhili. Linaomba dakika kumi za mazungumzo na mtu wa kujitolea kushika daftari.

Mama yule jirani yangu, mkitaka kujua, alipumzisha mtambo wake. Tulimchotea tope kutoka kwa mwenye mtambo mzima, ndoo nane, tukazibeba kwa mkokoteni. Tulipima kwa bomba la sindano kila Jumamosi. Ya kwanza ilikuwa 21 kati ya 50. Tulikaa wiki tatu tukiwa na wasiwasi. Wiki ya sita tulipata 29, na jioni hiyo alitukaribisha chai iliyochemka kwa moto wa buluu. Namba hizo bado ziko ukutani kwake, kwa chaki, karibu na koki.

Sisi tumechagua Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya kukamua. Nyinyi kwenu mtachagua siku gani?